"OK" ya Mashine na Majibu ya Watu Tisa: Uchambuzi wa Kisa cha Faksi Iliyokwenda Kusikotakiwa Dodoma

Kuhusu maelezo haya

Kisa hiki kilitokea Dodoma mjini, baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuanza kutumika Mei 2023. Majina, mitaa, namba za simu na chapa za mashine vimeondolewa, na kazi za baadhi ya watu zimebadilishwa ili wasitambulike. Wahusika nitawaita Kliniki, Kampuni na Duka. Mimi na mwenzangu, mtu wa masjala kwa taaluma, tuliitwa na Kliniki baada ya mambo kuharibika. Tulizisoma ripoti za mashine zote tatu na kuzungumza na karibu kila aliyezigusa karatasi zile. Ruhusa ya kuandika tulipewa kwa sharti kwamba asitajwe mtu.

Usuli

Kliniki ni kituo binafsi cha ukubwa wa kati. Sehemu nzuri ya mapato yake hutokana na kupima afya za wafanyakazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapimishe watu wake kabla ya kuwaanzisha kazi na mara kwa mara baada ya hapo, na tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, wakandarasi hawajapungua mjini. Kampuni ni mmoja wa wakandarasi hao. Watu wake ni mafundi wa zege, waendesha mitambo, madereva na walinzi. Vipimo vyao ni kifua, masikio, macho, presha na sukari.

Zamani majibu yalikuwa yakienda kwa WhatsApp. Katibu muhtasi wa Kliniki anapiga picha karatasi, anamtumia afisa rasilimali watu wa Kampuni, biashara imekwisha. Siku moja picha ya kipimo cha masikio cha mwendesha mtambo mmoja ikaonekana kwenye grupu la madereva. Aliyeirusha hakujulikana mpaka leo. Meneja wa Kampuni akapiga marufuku WhatsApp, na kwa kuwa mkataba uliandika kwamba majibu yatapelekwa "kwa barua au nukushi", ikaamuliwa kwamba itumike faksi, ndiyo hiyo nukushi.

Wengi wakisikia hapa hucheka. Mimi sikucheka. Faksi haina kitufe cha kusambaza kwa watu mia mbili, haitegemei bando, na karatasi iliyosainiwa na daktari inafika na saini yake. Ofisi zote mbili zilikuwa na simu ya mezani na printa kubwa yenye sehemu ya faksi ambayo haikuwa ikitumika. Walichokosa kukiona ni kwamba siri ilitolewa mifukoni mwa watu wawili ikawekwa kwenye trei mbili zilizo wazi.

Mambo mawili ya zamani yanahitaji kujulikana kabla ya kuendelea. La kwanza: Kampuni ilikuwa imehama ofisi, kutoka katikati ya mji kwenda upande wa barabara ya Dar es Salaam, na laini yake ya zamani ya simu ya mezani ikarudishwa kwa mtoa huduma wa simu. Karatasi zake zenye nembo hazikubadilishwa. Rimu mbili zilikuwa bado zipo, na hakuna meneja anayetupa karatasi za rangi. Kwa hiyo barua za Kampuni ziliendelea kutoka zikiwa na mstari wa Nukushi wenye namba iliyokwisha kuachwa. La pili: kwenye mashine ya Kliniki, namba hiyo ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya namba za haraka, kitufe cha 03, na katibu muhtasi aliyekwisha kuacha kazi. Aliyempokea alikuta 03 imeandikwa jina la Kampuni. Hakuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Laini hiyo sasa ilikuwa imepewa mteja mwingine. Ilikuwa kwenye steshenari moja, kwa mama anayetoa fotokopi, laminesheni, kuchapa barua za maombi ya kazi na, kwa wachache wanaoihitaji, faksi.

Alhamisi: mara ya kwanza

Saa 10:40 jioni katibu muhtasi aliweka kurasa 11 kwenye mashine: barua ya juu, jedwali la muhtasari, na karatasi moja kwa kila mmoja wa wafanyakazi 9. Barua ya juu ilianza hivi: "Yah: Majibu ya vipimo vya afya vya wafuatao", kisha majina tisa yakafuatana. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, lilikuwapo onyo kwamba taarifa hizi ni siri na asiyehusika asizisome. Maana yake, mtu huyo angelifikia onyo akiwa ameshasoma majina yote tisa.

Akabonyeza 03. Mashine ikapiga, ikalia, ikavuta karatasi moja moja. Ripoti ikatoka: 03, jina la Kampuni, kurasa 11, OK. Akaibana na nakala, akaweka kwenye jalada, akaenda nyumbani.

Ripoti hiyo ndiyo kiini cha kisa chote, kwa hiyo nieleze inavyotengenezwa. Mazungumzo ya faksi huenda kwa utaratibu wa kimataifa uitwao T.30. Mashine inayopokea hujibu kwa mlio, hujitambulisha kwa namba yake, mbili hizo hukubaliana kasi, ukurasa hupita, kisha anayepokea hurudisha ishara kwamba ukurasa umefika bila kuharibika. Ishara hizo zikikamilika kwa kurasa zote, anayetuma huandika OK. Yaani OK inasema kuna mashine mahali fulani imezipokea kurasa. Haisemi ni mashine ya nani. Hata ile namba ya kujitambulisha huandikwa kwenye mashine na mwenyewe kwa mkono wake. Mtandao wa simu hauihakiki, na mtu anaweza kuandika yoyote au kuacha wazi. Mama wa Duka alikuwa ameacha wazi. Na jina la Kampuni kwenye ripoti halikutoka upande wa pili kabisa: mashine ya Kliniki ilipoona 03 ilisoma jina kwenye kumbukumbu yake yenyewe, ikalichapa. Ilikuwa inajinukuu.

Ijumaa: mara ya pili

Saa 4 asubuhi afisa rasilimali watu alipiga simu. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo karibu sawa.

"Dada, majibu ya wale tisa vipi? Msimamizi wa saiti ananisumbua."

"Kaka, tulituma jana. Ripoti ninayo mkononi, imeandika OK kurasa zote kumi na moja."

"Kwetu hapa hakuna kitu."

"Basi angalieni karatasi kwenye mashine. Au umeme ulikatika?"

Umeme ulikuwa umekatika kweli usiku ule, na hapo ndipo mambo yalipopotoka. Kwa kuwa sababu ya karibu ilikuwapo, hakuna aliyetafuta nyingine. Walikubaliana kwamba faksi ilifika, ikakaa kwenye kumbukumbu ya mashine kwa kukosa karatasi, kisha ikafutika umeme ulipozimika. Jambo hilo hutokea kwa mashine zisizo na betri ya kulinda kumbukumbu. Lakini namba iliyopigwa siku iliyotangulia haikusomwa kwa sauti na yeyote. Afisa alitaja namba ya sasa ili "safari hii tusikosee", katibu akaiandika kwenye kipande cha karatasi, na hakuilinganisha na iliyo kwenye 03.

Akatuma tena saa 9 alasiri kwa kubonyeza namba yote. Safari hii zilifika Kampuni. Afisa alikuwa saiti. Mashine ya Kampuni ilikaa kwenye korido ya mapokezi, mkabala na benchi ambalo madereva hukaa wakisubiri hati za mzigo. Kurasa 4 zikatoka, karatasi ikaisha. Mtu wa stoo alikuja kufanya fotokopi ya hati ya saruji, akakuta taa nyekundu, akaongeza karatasi. Kurasa 7 zilizobaki zikamtokea mkononi, akazichukua pamoja na hati zake bila kujua. Aligundua akiwa stoo, mbele ya watu, alipokuwa akihesabu nakala.

Ukurasa mmojawapo ulisema fundi mmoja wa zege ana dalili kwenye picha ya kifua na apimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Kufikia jioni fundi huyo alikuwa ameulizwa na mwenzake kama ni kweli ana TB. Daktari hakuwa amemwambia bado. Alikuwa amepangiwa kuonwa Jumatatu.

Jumamosi na Jumatatu: upande wa Duka

Mama wa Duka hakuzisoma kurasa za Alhamisi kwa undani, au ndivyo anavyosema, nami namwamini. Alidhani ni za mteja ambaye angekuja kuzifuata, akaziweka kwenye droo. Hakuna aliyekuja. Jumamosi akaamua kumtafuta aliyetuma.

Juu ya kila ukurasa wa faksi huchapwa mstari mwembamba wenye tarehe, saa, jina na namba ya aliyetuma. Mstari huo hutegemea kile kilichoingizwa kwenye mashine inayotuma. Wa Kliniki ulikuwa na tarehe ya miaka kadhaa nyuma na nafasi tupu mahali pa namba. Akarudi kwenye barua ya juu. Namba ya simu ya Kliniki ilikuwapo, lakini mstari mweusi wa wima ulikuwa umepita katikati ya tarakimu zake tatu za mwisho. Wanaofanya kazi na mashine hizi Dodoma wanaujua mstari huo: kwenye ukanda mwembamba wa kioo ambapo karatasi hupita inaposomwa, chembe moja ya vumbi huvutwa kuwa mstari kutoka juu mpaka chini ya ukurasa. Mwezi wa nane, upepo ukivuma, kioo kisipofutwa kwa siku mbili tu mstari unarudi.

Akapiga namba alizozidhania, akampata mtu asiyehusika. Kisha akaona kwenye orodha jina la jirani yake wa mtaani. Akaziweka kurasa zote 11 kwenye bahasha ya kaki, akampelekea.

Nia ilikuwa njema. Jirani alizisoma zote. Za kwake zilikuwa za presha tu. Jumatatu asubuhi alisimama mapokezi ya Kliniki na ile bahasha, akaweka kurasa juu ya meza moja moja, akauliza, "Haya ya wenzangu wanane mmenipa ya nini?"

Utepe

Tulipokwenda Duka, mama alitupokea vizuri na kutuonyesha droo, daftari la wateja na mashine. Ilikuwa mashine ya faksi ya mezani ya kizamani, inayochapa kwa karatasi ya kawaida kupitia utepe wa plastiki wenye wino. Utepe wa namna hiyo hupita mara moja. Kila palipochapwa herufi wino huhamia kwenye karatasi, na kwenye utepe hubaki umbo la herufi hiyo likiwa wazi. Mwenzangu aliomba kufungua kifuniko, akavuta kipande kilichokwisha kujiviringisha upande wa pili, akakiinua kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Majina yalisomeka. Matokeo ya kifua yalisomeka. Baada yake ilikuja barua ya madai ya mtu mwingine kabisa, na hati ya benki.

Kliniki ilimnunulia mama utepe mpya, na ule wa zamani ukachomwa mbele yake na mbele yetu. Bila kufungua kile kifuniko tungeondoka tukiamini kwamba bahasha ya kaki ilikuwa nakala ya mwisho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa rahisi: faksi zote za majibu zisimame, na nakala zote zikusanywe. Za Duka zilipatikana. Za Kampuni zilipatikana 10. Ukurasa mmoja haujaonekana mpaka leo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwaambia wafanyakazi wote tisa. Mkurugenzi wa Kliniki alisita. Hoja yake haikuwa ya uoga tu; alisema kumwambia mtu ambaye hajui kwamba siri yake imevuja ni kumtengenezea ugonjwa wa pili. Daktari aliyesaini majibu alimpinga. Alisema watu hao watasikia, na tofauti ni watamsikia nani. Wakaitwa mmoja mmoja, nauli ikalipwa na Kliniki, daktari akawaeleza mwenyewe. Wawili walikasirika. Mmoja aliuliza kama atafidiwa, na swali hilo lilikwenda kwa wakili.

Uamuzi wa tatu ulihusu sheria. Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria Na. 11 ya 2022, na mkusanyaji anatakiwa kuiarifu Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Kliniki ilikuwa ikiamini kwamba sheria hiyo inahusu kompyuta. Haiko hivyo, karatasi iliyo kwenye jalada ni taarifa pia. Barua iliandikwa wiki hiyohiyo.

Uamuzi wa nne ndio ulioleta ubishi: faksi ibaki au iondoke? Mtu wa TEHAMA wa Kampuni alitaka barua pepe yenye faili lililofungwa kwa nywila. Ni njia nzuri, ila tulipomwomba afisa rasilimali watu afungue faili la majaribio, aliifungua barua pepe kwenye simu, akaomba nywila kwa SMS, kisha akahifadhi faili kwenye simu hiyohiyo ambayo mtoto wake huchezea. Kupeleka kwa mkono kulikuwa salama zaidi, lakini saiti nyingine za Kampuni ziko Manyoni na Mpwapwa.

Katikati ya ubishi huo mwenzangu aliuliza swali lililopaswa kuulizwa siku ya kusaini mkataba: Kampuni inayahitaji majibu haya kwa kazi gani? Ilibainika kwamba meneja wa saiti anahitaji neno moja tu, kama mtu anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai. Picha ya kifua, kiwango cha sukari na matokeo ya makohozi havimhusu. Vinamhusu mgonjwa na daktari. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Fomu ya Kliniki ilikuwa na nafasi za vipimo vyote, basi vilijazwa vyote na vikatumwa vyote.

Kwa hiyo ikaamuliwa: majibu kamili anapewa mfanyakazi mwenyewe kwenye bahasha iliyofungwa, Kampuni inapata cheti cha kufaa kazini, na cheti hicho kinaweza kwenda kwa faksi.

Kurekebisha mashine

Upande wa Kliniki kazi ilikuwa ndogo. Namba zote za haraka zilifutwa. Saa, jina na namba ya mashine viliingizwa upya. Barua ya juu iliandikwa upya: haina jina la mtu, onyo liko juu, na namba ya simu imeandikwa mara mbili, upande wa kushoto na upande wa kulia, ili mstari wa vumbi ukipita mahali pamoja pengine pasomeke. Tukawaonyesha pia jinsi ya kuchapa daftari la faksi, yaani orodha ya miito yote iliyotoka na kuingia. Kwenye daftari hilo, tofauti na ripoti ya ukurasa mmoja, ilikuwapo safu ya utambulisho wa mashine iliyopokea. Mstari wa Alhamisi ulikuwa na nafasi tupu. Wa Ijumaa ulikuwa na namba ya Kampuni. Ushahidi ulikuwa ndani ya mashine tangu siku ya kwanza.

Upande wa Kampuni tulitaka karatasi isitoke mpaka mwenyewe afike. Kuna njia mbili, na watu huzichanganya. Moja ni sanduku la siri: anayetuma anaongeza namba ndogo ya sanduku, na mashine inayopokea inaweka faksi humo. Inahitaji mashine zote mbili ziielewe huduma hiyo kwa namna moja, na hizi zilikuwa za watengenezaji tofauti. Tulijaribu, zikakataa kuelewana. Nyingine ni kuifungia mashine inayopokea: kila faksi inayoingia, bila kujali imetoka wapi, inabaki kwenye kumbukumbu mpaka mtu aingize namba ya siri. Hii haimtegemei anayetuma hata kidogo. Ikawekwa, na mashine ikahamishiwa chumba cha utawala.

Jaribio la kwanza lilishindwa kwa sababu ambayo hatukuitarajia. Kurasa zilikatika nusu. Laini mpya ya Kampuni, ingawa ilionekana ni ya mezani, ilikuwa inapitia intaneti, na kifaa chake kilikuwa kinabana sauti ili kuokoa nafasi. Maneno ya mtu hustahimili kubanwa. Milio ya faksi haistahimili. Fundi alibadilisha kifaa kitumie T.38, utaratibu uliotengenezwa kwa ajili ya faksi kwenye intaneti, na tukashusha kasi kutoka 14,400 hadi biti 9,600 kwa sekunde. Kurasa zikaanza kufika nzima. Niseme pia kwamba kwa laini ya namna hii ile hoja ya "faksi haipiti mtandaoni" imekufa, na T.38 peke yake haifichi kilichomo.

Mtu wa TEHAMA alikuwa bado anaamini kwamba angalau upande wa simu hauwezi kuvamiwa. Nikamkumbusha kwamba Agosti 2018 watafiti wa Check Point walionyesha kwamba printa yenye faksi inaweza kutekwa kwa kutumiwa faksi tu, wakiwa na namba yake ya simu, na kutoka hapo wakaingia kwenye mtandao wa ofisi. Mashine waliyoionyesha ilikuwa ya HP, ambayo ilitoa marekebisho. Mashine ya Kampuni haikuwahi kusasishwa tangu inunuliwe. Ikasasishwa, na ikawekwa kwenye sehemu yake ya mtandao, mbali na kompyuta za mishahara.

Matokeo

Fundi wa zege alipimwa makohozi, majibu yakaja kwamba hana kifua kikuu. Daktari alimpa karatasi mkononi. Alirudi saiti, lakini kwa muda wenzake walikuwa wakila sufuria moja naye anabeba chakula chake kutoka nyumbani. Baadaye aliomba kuhamishiwa saiti nyingine, na Kampuni ikakubali.

Vyeti viliendelea kwenda kwa faksi. Utaratibu ulikuwa hivi: piga simu kabla, mwenzako ataje namba kwa sauti nawe uithibitishe, tuma ukurasa wa juu peke yake, subiri aseme umefika, ndipo utume vyeti, kisha piga tena. Mwezi wa kwanza ulifuatwa wote. Tuliporudi kukagua miezi michache baadaye, simu ya mwisho ilikuwa imekwisha kuachwa na ukurasa wa majaribio ulitumwa siku ambazo mkurugenzi yupo. Ile ya kwanza, ya kutaja namba, iliendelea, kwa sababu bila namba za haraka katibu muhtasi hawezi kutuma kitu mpaka ampigie mtu aulize.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Hatua zilizodumu ni zile ambazo mtu hana jinsi ya kuziruka. Kufutwa kwa 03, kufuli ya namba ya siri, na fomu isiyo na nafasi ya kujaza ugonjwa. Zilizotegemea mtu akumbuke zilipungua, na simlaumu katibu muhtasi. Ana simu mbili, wagonjwa mapokezini na daktari anayeita.

Kupunguza kinachotumwa kulifaa kuliko mipangilio yote ya mashine. Siku cheti kitakapokwenda Duka tena, kitakachosomwa ni kwamba fulani anafaa kupanda jukwaa la ujenzi.

Onyo la siri kwenye barua ya juu halikumzuia mtu hata mmoja. Mama wa Duka alisema hakuliona. Mtu wa stoo alisema aliliona baadaye. Jirani alisema, "Niliona ni siri, na jina langu limo, kwa hiyo ni siri yangu." Sioni cha kumjibu. Lakini onyo lenye namba ya simu inayosomeka lingemsaidia mama huyo Jumamosi ile, naye ndiye mtu pekee katika mlolongo wote aliyejaribu kuirudisha faksi kwa mwenyewe.

Kosa la Ijumaa ni kubwa kuliko la Alhamisi, ingawa Kliniki hailioni hivyo. Alhamisi katibu muhtasi alitegemea mashine iliyomwambia uongo wenye sura ya ukweli. Ijumaa watu wawili walikuwa na taarifa zote walizohitaji: faksi haikufika, ripoti inasema imefika, na namba iliyopigwa iko kwenye kitufe. Walipaswa kuuliza kwanza, "Kama haikufika kwenu, imefika wapi?" Walituma tena. Kutuma tena kabla ya kujua ya kwanza iko wapi kuliongeza kurasa 11 nyingine mjini, na hizo ndizo zilizomfikia mtu wa stoo.

Tarakimu nazo zina lawama yake. Msimbo 026 unatumika Dodoma, Singida, Iringa na Tabora, kwa hiyo tarakimu moja ikikosewa katikati ya namba, faksi inaweza kwenda mkoa mwingine na mpigaji asione jambo geni. Ndiyo maana tulisisitiza namba isomwe kwa sauti na upande unaopokea, isinakiliwe kutoka kwenye barua.

Karatasi za nembo za Kampuni hatimaye zilichapwa upya. Lililobaki ni printa yenyewe. Kampuni haimiliki ile mashine, imeikodi, na ndani yake kuna diski inayoweza kuhifadhi kurasa zilizopita. Mkataba wa kukodi hausemi nani atafuta diski hiyo siku mashine itakaporudishwa. Kampuni imemwandikia mwenye mashine ikitaka diski ibaki kwake au ifutwe mbele ya mtu wake. Jibu halijafika, na Kampuni imesema haitairudisha mpaka lije.